Mabomba Matatu, Shengejuu

Nilipiga mabomba matatu asubuhi ile,
elfu mbili kila bomba, na chai juu.
Nyanya za Shaame zilikuwa na inzi weupe chini ya majani.
Wachome wote, alisema.
Sikuuliza wote ni nani.

Chupa ina maandishi nisiyoyajua.
Ina fuvu, ina mstari mwekundu.
Mfuniko mmoja kwa bomba, ndivyo nilivyoelezwa dukani;
Shaame akasema tia miwili, mvua i karibu.
Nikatia miwili. Nikafunga leso puani,
nikaupa upepo mgongo kama nilivyofunzwa,
na upepo, ambao haukufunzwa na mtu,
ukageuka ukaenda kwa Bi Mize.

Bi Mize ana muhogo tu. Matuta kumi na manane
na mpapai mmoja dume anaoona haya kuukata.
Mwaka ule wa vidung'ata tulimwona akichimba:
vilele vimejikunja kama ngumi, vina unga mweupe,
na chini, mizizi ya unene wa kidole.
Akaja Kaije wa Kilimo na vikopo vyake,
akavifungua kimoja kimoja kati ya matuta.
Hatukuona kitu kikitoka.
Kafungua pumzi, tulisema, tukacheka hadi barabarani.

Kumbe ni dondora,
mdogo kuliko chembe ya ufuta, asiye na habari na wewe.
Humgonga kidung'ata kwa ncha za papasi
kama abishaye hodi,
kisha humtia yai mwilini,
na kitakachoanguliwa huila nyumba yake kutoka ndani.
Sisemi ni huruma.
Lakini muhogo ulinyooka.
Kikulacho ki nguoni mwako, sisi twalisema kwa uchungu;
Bi Mize alikuwa akiwaambia vidung'ata, huku anapalilia,
na meno yake yote matano nje.

Siku ya nne aliniita. Hakuja juu.
Alitandaza karatasi ya sukari, akagonga jani,
vikaanguka vijivumbi vyeusi vyenye mbawa.
"Hawa walikula nini chako?"

Vidung'ata walikuwa pale pale
ndani ya nta yao, wamenona;
dawa iliwateleza kama maji juu ya jani la jimbi.
Niliowaua ni wale waliotoka bila kujifunika.

Akageuza jani jingine. Maganda ya hudhurungi,
vidung'ata waliokwisha kufa, wamekauka, wamevimba.
"Humu mna watu," akasema.
Watoto wamelala ndani ya maiti ya adui,
na dawa haikuwafikia.
Ila watatoboa. Watatoka. Wataweka miguu juu ya jani,
na jani bado lako.
"Siku ngapi mpaka liwe langu?"
Chupa inajua. Mimi nimeshasema siwezi kuisoma.

Basi nikavikata vile vilele vyenye maganda,
nikavitia katika chupa ya achari,
nikafunga mdomo kwa kipande cha buibui kuukuu,
nikaiweka uvunguni.
Mke wangu aliuliza nimefuga nini.
Deni, nikamwambia. Akanitazama sana, akazima taa.

Mvua zilipiga mbili, kubwa, za kuosha mapaa.
Siku ya tisa nikaona vitundu kwenye maganda,
duara safi, kama kazi ya fundi wa kofia,
na juu ya kitambaa, wakitafuta njia, kumi na mmoja.
Niliwahesabu mara tatu, maana hawatulii.
Nikawapeleka kwa Bi Mize kabla ya jua.
Nikafungua. Safari hii hakuna aliyecheka,
labda kwa kuwa tulikuwa wawili tu.

Leo Shaame kapiga simu.
Inzi weupe wamerudi, wengi kuliko mwanzo.
Njoo na mabomba manne, njoo mapema.
Elfu nane. Unga umepanda, ada ya mtoto haijatoka.
Bomba liko mlangoni, tupu, mkanda umekatika nimeufunga kamba.
Nimekaa kizingitini
nalowesha kidole, nakiinua,
nausikiliza upepo unatoka wapi.